Jino Linalochungulia

Gego langu lilivunjika nikiwa usingizini, na sikuamka. Asubuhi nikatema kitu kwenye kiganja nikidhani ni kokoto ya kwenye ulezi. Wifi yangu Leonia, aliyekuja kwangu Kaengesa kwa ajili ya msiba na mpaka leo hajaonyesha dalili ya kuondoka, alikichukua akakipeleka mlangoni penye mwanga.

"Rozina, hii si kokoto," akasema. "Huyu ni wewe."

"Niweke hapo dirishani. Nikitimia wote mtanizika."

Hakucheka. Leonia analala kitanda cha pili chumbani kwangu, na kwa maelezo yake nilikuwa nasaga meno hadi mbwa wa jirani anabweka. Kila asubuhi alikuwa na swali lake lile lile, "Wifi, ulezi wa harusi ya nani ule uliokuwa unausaga?" Nami nilikuwa namjibu kwamba ni harusi yake, ajiandae.

Lakini ukweli ni kwamba sikuwa nasikia kitu. Tangu tumzike binti yangu Silvana nilikuwa hivyo. Nilijiponda kidole kwa mchi, nikakiangalia kinavyovimba kama vile ni kidole cha mtu aliyekaa mbele yangu kanisani. Chai ilikuwa maji ya moto, basi. Akina mama wa jumuiya walinisifu kwamba Rozina amejikaza, hata chozi hakutoa. Sikujikaza. Kujikaza ni kazi, na mimi sikuwa na kazi yoyote niliyokuwa naifanya humo ndani.

Zamani jino likikusumbua ulikwenda hospitali, likang'olewa, ukarudi na pengo lako mkakaa kwa amani. Siku hizi za soko huria kila kitu kina duka lake, na meno nayo yamepata la kwao. Pale Milanzi, mjini, kati ya fundi simu na mashine ya kukoboa mahindi, kuna kliniki ya mtu binafsi yenye vigae vyeupe mpaka unaogopa kukanyaga. Mwenyewe ni Daktari Hellena, mwanamke mrefu mwenye asili ya Kilimanjaro. Leonia alinivuta mpaka huko kwa mkono kama mbuzi wa mnada.

Nilikuwa na sababu ya kuvutwa. Pale kliniki kuna kijana anayeitwa Masunga. Kazi yake ni kukaa mbele ya kompyuta na kuchora vifaa vya mdomoni. Na Masunga ndiye aliyemwoa Silvana wangu. Ni mkwe wangu.

Hapa lazima nieleze kidogo, maana siku hizi watu wanakula sahani moja na wakwe zao kisha wanapiga nao picha. Mimi nilifundwa kwamba mkwe wa kiume hakuoni ukitafuna, hakuoni ukipiga miayo. Ndani ya kinywa chako si mahali pake. Mkikutana njiani mmoja anaingia majanini. Mkiwa na neno, linapita kwa mtu wa tatu. Masunga kwao ni Mtowisa, bondeni kwenye joto, baba yake alishuka huko na ng'ombe kutoka Usukumani, na kwao mambo haya ni makali kuliko kwetu. Kwa hiyo tulipatana vizuri sana. Tulikimbiana kwa moyo mmoja. Kilichoniuma ni kwamba watu wa ng'ombe sisi huwa tunawatania, na mimi utani ndio ugali wangu. Mungu akanipa Msukuma wa kumtania, kisha akamfanya mkwe.

Mtu wetu wa tatu alikuwa Silvana. Masunga akija anasimama kule mlangoni, uso kageuzia ukutani. "Mwambie mama maharage yamefika." Nami nageukia jiko, "Mwambie nimeyaona." Na Silvana pale katikati, anatuangalia migongo yote miwili, anacheka. "Mama, umeambiwa! Na wewe, umejibiwa! Jamani, nyie watu mtanilipa mshahara lini?"

Homa ilimchukua hata mtoto hakuacha. Alipokwenda, kati yangu na yule mwanaume hakukubaki kitu cha kushika: mjukuu hakuna, shamba la pamoja hakuna. Kilichobaki ni kule kukimbiana tu. Nikifungua kinywa mbele yake, basi na hicho kimekwisha. Atakuwa kijana mmoja wa mjini anayejua kompyuta. Na binti yangu atakuwa kama hakuwahi kuolewa na mtu.

Ndiyo maana dada wa mapokezi aliponiuliza jina nikasema, "Leonia."

Leonia mwenyewe, aliyekaa hapo hapo ubavuni kwangu, alinikanyaga mguu. Sikusikia, kwa hiyo sikupiga kelele.

Daktari Hellena alinilaza kwenye kiti chake kinachopanda na kushuka, akachungulia na kioo kidogo, akaguna.

"Bibi Leonia, kuna jambo linakusumbua? Meno haya yamesagwa kama ya mtu wa miaka mia moja."

"Ni urithi. Bibi yangu alikuwa jiwe la kusagia."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Gego hilo limekufa, na jingine lina ufa mpaka chini. Magego yanayokutana vizuri yamebaki mawili tu, upande wa kulia, la juu na la chini. Ukiendelea kusaga hivi na hayo yanakwenda. Yakienda, Bibi, ni uji maisha yako yote."

"Uji wa ulezi?"

"Wa chochote. Tutakutengenezea splinti, ni plastiki ngumu ya kuvaa ukilala. Inasagika yenyewe, meno yanapona. Hiyo ncha iliyovunjika nitailainisha sasa hivi. Nikuchome ganzi?"

"Ganzi ninayo," nikamwambia. "Nimekuja nayo kutoka nyumbani."

Akadhani natania.

Kisha akaleta kamera. Ni kama mswaki mnene usio na manyoya, unapita juu ya meno, na kule kwenye kioo cha kompyuta meno yanaota moja moja kama mahindi ya kwanza. Leonia alisimama akashika kifua, "Yesu wangu, wifi, mdomo wako mkubwa kama zizi!" Mimi nilitazama kama ninavyotazama mambo yote siku hizi. Yalikuwa meno.

"Hizi picha zinakwenda kwa kijana wangu hapo nyuma," daktari akasema. "Anachora plastiki juu yake, kwenye kompyuta hiyo hiyo, halafu mashine inaichapa. Sasa uma. Uma kawaida, meno ya juu na ya chini yakutane, nipate picha yanavyokutana. Hii ndiyo muhimu kuliko zote."

Nyuma ya ukuta wa mbao nyembamba mtu akakohoa. Nilikijua kikohozi hicho. Kilikuwa kinakohoa hivyo hivyo kwenye kona ya nyumba yangu, kutoa taarifa kwamba mkwe anakaribia, wenye kutafuna wafiche.

Nikauma. Niliuma kama mama mkwe anavyouma: midomo karibu ifungane, kidevu nimekivuta ndani, meno ya mbele yamegusana kwa adabu na ya nyuma hayajui kinachoendelea.

"Kawaida, Bibi."

"Hii ndiyo kawaida."

Na ilikuwa kawaida, kwa mtu mwenye mkwe nyuma ya ubao.

Njiani kurudi Kaengesa Leonia hakunisemesha mpaka tulipopita mashamba ya alizeti. Kisha akasema, "Kwa hiyo kwenye kompyuta ya watu, mimi ndiye ninayesaga meno."

"Ndiyo."

"Na ni mimi nitakayekunywa uji."

"Nitakuchochea moto, wifi."

Splinti ilipokuwa tayari, Leonia ndiye aliyekwenda kuichukua, kwa kuwa jina ni lake. Ilikuwa nyeupe ya kuonekana upande wa pili, kama chupa ya maji iliyokanyagwa na punda. Mimi niliiita kiatu. Nikavua viatu vya miguu, nikavaa cha meno, nikalala.

Kiatu hakikukaa. Kilicheza kama kigoda chenye mguu mmoja mfupi. Ukiuma kushoto kinanyanyuka kulia. Nilikivaa hivyo hivyo, sikuona tofauti, kwani kipi kilikuwa kinakaa sawasawa siku hizo? Leonia ndiye aliyeona. Asubuhi moja alinishika kidevu kama mtoto anayekataa kunawa.

"Shavu lako limevimba. Upande wa kulia. Huumwi?"

"Sijui."

"Hujui kama unaumwa?"

"Nitauliza nikujibu."

Upande wa kulia ndio wenye yale magego mawili. Hiyo nilielewa hata bila kuumwa. Tukarudi Milanzi.

Daktari aliniwekea karatasi ya bluu mdomoni, juu ya ile splinti, nikauma. Alipoitoa, plastiki ilikuwa na doa moja tu la bluu, kubwa, kulia. Kwingine kote safi.

"Mzigo wote umebebwa na gego moja," akasema. "Badala ya kulilinda tunaliua." Kisha, kabla sijajua anataka kufanya nini, akapaza sauti, "Masunga! Njoo hapa uone kazi yako!"

Nilikuwa nimelala chali, mdomo wazi, taa usoni. Nikavuta khanga nikajifunika kichwa kizima. Nyayo zikaja mpaka mlangoni, zikasimama. Nilipochungulia kwenye upindo niliona mgongo wa Masunga. Alikuwa amegeukia ukumbini, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Nini hiki?" daktari akauliza. "Bibi Leonia, vipi? Masunga, ingia."

"Samahani, Daktari," Masunga akasema huko huko mlangoni. "Huyo si Leonia."

"Leonia ni mimi," akasema Leonia kutoka kwenye benchi. "Shikamoo, Daktari." Alikuwa amemzidi daktari miaka zaidi ya ishirini, lakini hofu haina umri.

"Huyo ni mama mkwe wangu," Masunga akasema.

Daktari akavua glavu moja, akabaki na nyingine. "Umejua sasa hivi?"

"Nilijua siku ile ile picha zilipoingia." Akaendelea kuutazama ukumbi. "Juu, kushoto, la pili kutoka katikati. Limegeuka ubavu, kama mtu anayechungulia dirishani. Mke wangu alikuwa nalo. Mahali pale pale."

Ndani ya khanga niliupeleka ulimi juu kushoto. Lilikuwepo. Nimekaa na jino lile maisha yangu yote, na sikuwahi kufikiri kwamba nilimpa Silvana. Nilijua nilimpa pua.

"Sasa kama ulijua," daktari akasema, "mbona umechora hovyo? Wewe huchori hovyo."

"Nilifanya haraka." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Programu inataka uzungushe picha. Uitazame kutoka juu, ubavuni, halafu uiingie kutokea chini, kooni kule, uone kila mahali meno yanapogusana. Mimi nilitazama kutoka juu tu. Si vizuri, Daktari, mtu kukaa ndani ya mdomo wa mama mkwe wake."

Daktari alitutazama, mmoja mgongo, mmoja khanga. "Na picha ya kuuma? Ile nayo imekaa ajabu, nilidhani ni kamera."

"Hiyo ni mimi," nikasema ndani ya khanga. "Niliuma kwa heshima."

Leonia akaanza kucheka, akajiziba mdomo. Daktari hakucheka. Alisema yeye ana gego la mtu linalokufa kwa sababu ya heshima, na hajawahi kuandika ugonjwa huo popote. Kisha akatulia, maana si mtu mbaya.

"Basi tufanye hivi. Nipige picha upya, nizitume Mbeya kwa mtandao. Kuna watu wanachora huko, hawakujui, huwajui. Itachukua muda kidogo, lakini nyie mtabaki na mambo yenu."

Ilikuwa njia nzuri. Nilikaribia kusema ndiyo. Ndipo Masunga akasema kwa ule ukumbi mtupu, "Watalinyoosha."

"Nini?"

"Lile jino. Programu ikiona jino limepinda inalipitishia plastiki juu iwe sawa, mtu asipoikataza. Mbeya hawana sababu ya kuikataza. Kwao ni jino tu."

 Nilimsikia fundi simu jirani akijaribu milio.

Sijui kama nilihisi kitu. Nadhani hapana. Ilikuwa zaidi kama kukumbuka kwamba kuna mahali mtu huhisi, kama unavyokumbuka njia ya nyumba uliyohama. Lakini niliona jambo moja wazi: huko Mbeya mtu angefungua kinywa changu akamkuta binti yangu amesimama dirishani, na angemfungia dirisha.

Nikaitoa khanga kichwani.

"Daktari," nikasema, "ile kompyuta yake inahama?"

"Inahama. Ni ya mkononi."

"Mwambie ailete. Aweke meza pale kwenye kona, kiti akigeuzie ukutani."

"Si anakusikia? Yupo hapo mlangoni."

"Najua yupo. Wewe mwambie."

Daktari akashusha pumzi. "Masunga, umeambiwa."

Nadhani yeye hakujua alichosema. Mimi na yule mgongo tulijua. Mgongo ulikaa hivyo kidogo kabla ya kwenda kuchukua kompyuta.

Aliingia kinyumenyume. Msukuma mzima, mrefu vile, amebeba kompyuta kama sinia ya chai, anarudi nyuma mpaka akagonga pipa la takataka. Akakaa kwenye kona, uso ukutani, mgongo kwangu, na kioo cha kompyuta mbele yake. Mimi nikalala kwenye kiti, nikafungua kinywa mpaka mataya yakalia. Kamera ikapita. Kule kwenye kona, juu ya bega lake, nikaona meno yangu yanaota tena.

"Mwambie mama aume," akasema.

"Uma, Bibi," akasema daktari.

Safari hii niliuma kama ninavyouma nikiwa peke yangu na muwa. Nyuma kabisa, kwa nguvu, bila adabu yoyote. Kwenye kioo taya la chini likapanda likakaa mahali pake kama mlango unaojua fremu yake, na rangi zikatokea, nyekundu panapogonga sana, kijani panapogusa polepole.

"Mwambie mama ndivyo. Asitikisike."

"Bibi, ndivyo. Usitikisike."

"Mwambie sijatikisika, kiti chake ndicho kinatikisika."

"Masunga, anasema... Jamani. Umesikia alivyosema."

Simu ya daktari ikalia. Akachomoa kamera mdomoni mwangu, akatoka mpaka nje barabarani, tukamsikia anagombana na mtu kuhusu mzigo wa dawa uliokwama. Leonia naye alikuwa amemfuata ili asikie ugomvi vizuri.

Masunga aliendelea kufanya kazi. Nilimwona anavyoizungusha ile picha: juu, ubavuni, halafu akasita, halafu akaiingia kutokea chini, kule kooni, mahali ambapo mkwe hafiki. Hakuharakisha. Alivuta plastiki juu ya meno kama mtu anayefunika mtoto aliyelala, akaisukuma hapa, akaipunguza pale. Nyekundu ikaondoka polepole kutoka gego la kulia, ikagawanyika, ikawa kijani pande zote mbili. Kisha akalileta lile jino. Alilikuza mpaka likajaa kioo kizima, likawa kubwa kama Silvana mwenyewe, ubavu mbele, linachungulia.

Tukalitazama. Yeye kule, mimi huku.

"Mwambie mama," akasema, "hapa nitafuata umbo lake. Silinyooshi."

Chumba kilikuwa hakina mtu wa kuambiwa. Nadhani naye aliligundua hilo neno likiwa limeshatoka, kwa sababu mkono wake ulisimama juu ya kipanya. Niliona kisogo chake. Kilikuwa kimenyolewa vibaya, upande mmoja juu na mwingine chini, kazi ya mtu anayejinyoa kwa kupapasa. Silvana ndiye alikuwa anamnyoa.

Nilisubiri. Ni mazoea tu. Nilisubiri mtu aseme, Mama, umeambiwa.

"Mwambie nimesikia," nikasema.

 Alibonyeza kitu, plastiki ikajipinda ikalifuata jino. Nje daktari bado alikuwa anagomba.

"Na mwambie," nikasema, "kisogo hicho akatafute kinyozi. Watu watadhani amelambwa na ndama."

Mabega yake yakatikisika. Sijui kama ilikuwa kicheko au ilikuwa kitu kingine. Si kazi yangu kumtazama usoni.

Kiatu cha pili kinakaa. Magego yangu mawili bado yapo, yanakutana, na daktari anasema uji tuuahirishe. Leonia sasa analalamika kwamba kimya changu kinamnyima usingizi, lakini kuondoka haondoki. Masunga nikimwona sokoni anaingia nyuma ya magunia ya mchele, nami nageukia dagaa, kila mtu anangoja mwenzake apite. Kisogo amekinyoa vizuri.

Chai bado ni maji ya moto. Ila nikishavaa ile plastiki ulimi unakwenda wenyewe juu kushoto, unakuta pale palipopinda, unakaa hapo mpaka nalala.